Kisukari na hedhi: Namna ya kudhibiti sukari inayopanda na kushuka kila mwezi

Na Mwandishi Wetu

Wanawake na wasichana wengi wanaoishi na kisukari hukutana na jambo ambalo si rahisi kulielewa. Chakula ni kilekile, dawa ni zilezile na kazi za kila siku hazijabadilika, lakini siku chache kabla ya hedhi mashine ya kupima sukari huonyesha namba za juu. Hedhi inapoanza, namba hizo hushuka, wakati mwingine kwa kasi inayotia hofu. Baadhi yao hujilaumu, na wengine hulaumiwa na ndugu kwamba wamekula vibaya au wameacha dawa.

Katika hali nyingi lawama hizo hazina msingi. Homoni zinazoongoza mzunguko wa hedhi hugusa pia utendaji wa insulini, na mabadiliko ya sukari yanayotokana nazo yanaweza kutambuliwa, kutarajiwa na kudhibitiwa. Makala haya yanaeleza chanzo cha mabadiliko hayo, namna ya kuyafuatilia nyumbani, hatua za kuchukua kabla na baada ya hedhi kuanza, na dalili za hatari ambazo hazipaswi kuchukuliwa kuwa ni maumivu ya kawaida ya mwezi.

Kwa nini sukari hubadilika

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Kazi yake kubwa ni kuiwezesha sukari iliyomo kwenye damu kuingia katika seli za mwili na kutumika kama nguvu. Mtu mwenye kisukari aina ya kwanza hatengenezi insulini, au hutengeneza kidogo mno, hivyo hutegemea sindano kila siku. Mwenye kisukari aina ya pili huwa na insulini, lakini mwili wake hauitumii ipasavyo, na baada ya miaka kadhaa kongosho lake huweza kupungukiwa na uwezo wa kuitengeneza.

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya kutokwa na damu hadi siku moja kabla ya hedhi inayofuata. Kwa wanawake wengi wazima mzunguko huwa kati ya siku 21 na 35. Katika nusu ya kwanza homoni ya estrojeni hupanda taratibu hadi yai linapopevuka na kutoka kwenye ovari, jambo ambalo kwa kawaida hutokea takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Baada ya hapo homoni ya projesteroni huongezeka ili kuandaa mji wa mimba. Ikiwa mimba haikutungwa, homoni zote mbili hushuka na hedhi huanza.

Katika nusu hiyo ya pili, wakati projesteroni iko juu, mwili wa mwanamke huweza kuwa mzito kuitikia insulini. Kiasi kilekile cha insulini kilichotosha wiki iliyotangulia hushusha sukari kwa kiwango kidogo zaidi. Homoni zinaposhuka hedhi inapokaribia au kuanza, mwili huanza tena kuiitikia insulini vizuri, na sukari huweza kushuka haraka.

Zipo sababu nyingine zinazoongeza uzito wa siku hizo. Baadhi ya wanawake hupata hamu kubwa ya vyakula vitamu na vya wanga kabla ya hedhi. Wengine hukosa usingizi, hupata msongo wa mawazo au hupunguza kutembea kwa sababu ya maumivu. Maumivu na msongo huamsha homoni nyingine mwilini zinazolifanya ini litoe sukari zaidi kwenye damu.

Si wanawake wote wanaofanana

Ni muhimu kufahamu kuwa si kila mwanamke mwenye kisukari hupata mabadiliko haya. Wapo ambao sukari yao hupanda siku 3 hadi 7 kabla ya hedhi, wapo wanaoona mabadiliko madogo tu, na wapo ambao hawaoni tofauti yoyote. Wachache huona sukari ikishuka kabla ya hedhi badala ya kupanda. Hata kwa mwanamke mmoja, mwezi mmoja unaweza kutofautiana na mwingine.

Kwa sababu hiyo, mwanamke hapaswi kuiga kipimo cha dawa cha dada yake, rafiki yake au mgonjwa mwenzake wa kliniki. Uamuzi wowote wa kubadili dawa unapaswa kutokana na kumbukumbu za mwili wake mwenyewe.

Daftari la miezi mitatu

Njia ya uhakika ya kujua iwapo hedhi inaathiri sukari ni kuweka kumbukumbu kwa mizunguko mitatu mfululizo. Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila siku mwanamke aandike mambo yafuatayo:

- Tarehe, na siku ya mzunguko, akihesabu siku ya kwanza ya kutokwa na damu kuwa siku ya 1;
- Kipimo cha sukari na saa aliyopima;
- Aina na kiasi cha dawa au insulini aliyotumia;
- Chakula kisicho cha kawaida, ugonjwa, safari au kazi nzito ya siku hiyo;
- Maumivu, kukosa usingizi, hamu ya vitamu au wingi wa damu.

Vipimo vya sukari nchini hutolewa zaidi kwa milimoli kwa lita. Mashine ikionyesha miligramu kwa desilita, namba hiyo igawanywe kwa 18 ili kupata milimoli. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari ambao si wajawazito, lengo la jumla ni sukari ya kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na isiyozidi 10 saa mbili baada ya kuanza kula. Daktari anaweza kumpangia mgonjwa lengo tofauti kulingana na umri na hali yake.

Stripu za kupimia zina gharama, na si kila familia inamudu kupima mara nne kwa siku mwezi mzima. Mwenye stripu chache azipange badala ya kuzitumia bila utaratibu. Katika siku za kawaida apime kwa kadiri alivyoelekezwa kliniki. Kuanzia siku 7 kabla ya tarehe anayotarajia hedhi hadi siku ya 3 ya hedhi, ahakikishe anapima angalau asubuhi kabla ya kula, na stripu zinazobaki azitumie kabla ya kulala na kila anapohisi dalili. Wakati wowote anapohisi dalili za sukari kushuka, asiache kupima kwa ajili ya kubana matumizi.

Namna ya kulisoma daftari

Chukua mfano wa mwanamke ambaye sukari yake ya asubuhi kwa kawaida ni kati ya 6 na 7. Daftari lake linaonyesha kuwa siku 5 kabla ya hedhi inafika 9, siku 2 kabla inafika 11, na siku ya pili ya hedhi inarudi 6. Hali hiyo ikijirudia kwa mizunguko mitatu, mtoa huduma wa afya ana ushahidi wa kutosha kwamba mzunguko wa hedhi unahusika.

Mwanamke mwingine ana sukari ya asubuhi ya 10 au 11 mwezi mzima, na kabla ya hedhi inafika 12. Huyu tatizo lake kubwa si hedhi. Tiba yake ya kila siku haitoshi na inahitaji kupitiwa upya. Bila daftari, wanawake hawa wawili wanaweza kupewa ushauri mmoja, ilhali mahitaji yao ni tofauti kabisa.

Kabla ya kuamua kwamba homoni ndicho chanzo, sababu nyingine pia zichunguzwe: insulini iliyoharibika kwa joto au kupita muda wake, kuchoma sindano mahali palepale hadi pakawa na uvimbe mgumu, kusahau dozi, au maambukizi kama malaria na U.T.I. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye jokofu kati ya nyuzi joto 2 na 8 bila kugandishwa. Pasipo na jokofu, chombo cha insulini kikiwekwa ndani ya chungu cha udongo chenye unyevunyevu, mahali penye kivuli na hewa, bila chupa yenyewe kulowa maji, hupunguziwa joto kwa kiasi cha kusaidia.

Siku za kabla ya hedhi: sukari inapopanda

Mwanamke aliyethibitisha kwamba sukari yake hupanda kabla ya hedhi anapaswa kupeleka daftari lake kliniki na kupatana na mtoa huduma juu ya mpango wa maandishi. Kwa anayetumia insulini, wataalamu mara nyingi huanza na ongezeko dogo, kama vile asilimia 10 ya insulini ya muda mrefu, katika siku zile tu ambazo daftari limeonyesha kupanda, kisha hupima matokeo kabla ya kuongeza tena. Mpango huo unapaswa kutaja siku ya kuanza, kiasi cha kuongeza na siku ya kurudi kwenye dozi ya kawaida.

Wanaotumia insulini ya mchanganyiko, ile yenye insulini ya muda mfupi na ya muda mrefu katika chupa moja, wanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kuongeza dozi moja huongeza sehemu zote mbili na kunaweza kushusha sukari saa ambazo mgonjwa hakutarajia. Wasibadili dozi bila maelekezo.

Wanaotumia vidonge nao wasiongeze idadi ya vidonge kwa uamuzi wao. Metformini ikitumiwa peke yake si kawaida yake kushusha sukari kupita kiasi, lakini vidonge vya glibenklamidi na gliklazidi vinaweza kufanya hivyo. Kwa wengi walio katika kundi hili, hatua ya kwanza ni kupanga chakula na kutembea zaidi siku hizo.

Kuhusu chakula, lengo si kujinyima. Sahani igawanywe hivi: nusu iwe mboga za majani kama mchicha, matembele au kisamvu kisichojazwa nazi na mafuta; robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi; na robo iwe maharage, samaki, dagaa, mayai au nyama. Hamu ya vitamu inapokuja, tunda moja dogo au kiganja cha karanga ni bora kuliko soda, maandazi au biskuti. Chai ya tangawizi kwa ajili ya maumivu inywewe bila sukari. Chupa ya soda ya kawaida ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, kiasi kinachotosha kuvuruga vipimo vya siku nzima.

Kutembea kwa haraka kwa dakika 20 hadi 30 husaidia mwili kuitikia insulini na kwa baadhi ya wanawake hupunguza pia maumivu ya hedhi. Mwenye kutumia insulini apime kabla ya kuanza na awe na kitu cha sukari mfukoni.

Hedhi inapoanza: hatari ya sukari kushuka

Kosa linaloleta madhara ya haraka ni kuendelea na dozi iliyoongezwa baada ya hedhi kuanza. Mwili umeanza tena kuitikia insulini, chakula kinaweza kuwa kidogo kwa sababu ya kichefuchefu, na dozi bado iko juu. Matokeo yake ni sukari kushuka, mara nyingi usiku. Kwa hiyo siku ya kurudisha dozi izingatiwe kwa umakini uleule wa siku ya kuiongeza. Hedhi ikianza mapema kuliko ilivyotarajiwa, mpango ufuate hedhi yenyewe na usifuate kalenda.

Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, kutokwa na jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa na kuwa na hasira isiyo ya kawaida. Kwa kuwa baadhi ya dalili hizi hufanana na zile za siku za hedhi, ni rahisi kuzipuuza. Kanuni ni moja: ukiwa na shaka, pima.

Sukari ikiwa chini ya 4.0:

1. Chukua takribani gramu 15 za sukari inayofanya kazi haraka, kama vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au mililita 150 za soda ya kawaida au juisi. Soda isiyo na sukari haifai.
2. Subiri dakika 15, kisha pima tena.
3. Ikiwa bado iko chini ya 4.0, rudia.
4. Ikipanda, kula kitu chenye wanga, mfano kipande cha mkate au kiazi, ikiwa muda wa mlo unaofuata bado uko mbali.

Asiye na mashine lakini ana dalili, atumie sukari kwanza na kutafuta kipimo baadaye. Aliyepoteza fahamu au anayeshindwa kumeza asiwekewe chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu na apelekwe mara moja kituo cha kutolea huduma za afya.

Maumivu ya tumbo: yasidhaniwe yote ni ya hedhi

Sehemu hii inawahusu wagonjwa na, kwa uzito uleule, inawahusu wazazi, walimu na matroni wa shule za bweni.

Mtu mwenye kisukari aina ya kwanza anapokosa insulini ya kutosha, mwili hushindwa kutumia sukari na huanza kuyeyusha mafuta. Hapo huzalishwa ketoni, ambazo zikizidi huifanya damu kuwa na asidi. Hali hii ni ya dharura na huweza kuua. Miongoni mwa dalili zake ni maumivu ya tumbo, kichefuchefu na kutapika, dalili zilezile ambazo msichana aliye kwenye hedhi huweza kuzilalamikia.

Hatari hujitokeza pale sukari ilipopanda kabla ya hedhi, msichana akapata maumivu na kukosa hamu ya kula, kisha akaacha kuchoma insulini akidhani kwamba asipokula haihitaji. Watu wanaomzunguka humpa dawa ya maumivu na kumwambia apumzike kwa kuwa "ni mambo ya kawaida ya wasichana". Saa zinazopotea hapo ndizo zilizokuwa za kuokoa maisha.

Maumivu ya kawaida ya hedhi huwa chini ya kitovu, huja kwa kubana na kuachia, huweza kusambaa mgongoni na mapajani, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja hadi tatu. Dalili zifuatazo hazitokani na hedhi na zinahitaji hatua za haraka:

- Kiu kali na kukojoa mara kwa mara;
- Kutapika kunakorudia au kushindwa kubakiza maji tumboni;
- Kupumua kwa nguvu na kwa haraka;
- Pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana;
- Usingizi usio wa kawaida, kulegea au kuchanganyikiwa.

Kila mwenye kisukari aina ya kwanza anapoumwa tumbo au kutapika apimwe sukari, hata kama yuko kwenye hedhi. Sukari ikizidi 14 kwa vipimo viwili mfululizo, ketoni zipimwe kwenye mkojo au damu. Zikiwepo kwa kiwango cha kati au cha juu, au dalili za hapo juu zikionekana, apelekwe hospitali bila kusubiri kipimo kingine. Pasipo na kipimo cha ketoni, kutapika pamoja na sukari iliyo juu kunatosha kuwa sababu ya kumpeleka.

Insulini ya muda mrefu haiachwi hata kama mgonjwa hali chakula. Kiasi kinaweza kurekebishwa kwa ushauri, lakini kuiacha kabisa ni hatari.

Dawa za maumivu

Parasitamoli kwa dozi iliyoelekezwa hufaa kwa wengi. Ibuprofeni, diklofenaki na dawa za kundi hilo hutuliza maumivu ya hedhi vizuri, lakini zinaweza kudhuru figo, hivyo mwenye kisukari aliyekwisha kuambiwa kuwa figo zake zina athari, au mwenye shinikizo kubwa la damu, asizitumie bila ushauri wa daktari. Hazifai pia kwa mtu anayetapika na kupungukiwa maji mwilini. Kitambaa chenye joto tumboni hupunguza maumivu bila kugusa sukari. Mwenye ganzi kutokana na kisukari apime joto hilo kwa mkono wa mtu mwingine ili asiungue.

Damu nyingi na kipimo cha miezi mitatu

Hedhi inayozidi siku 7, au inayomlazimu mwanamke kubadili taulo ya kike kila baada ya saa moja au mbili, si ya kawaida na inahitaji uchunguzi. Kupoteza damu nyingi kila mwezi huleta upungufu wa madini ya chuma na hatimaye upungufu wa damu.

Kwa mwenye kisukari suala hili lina uzito wa ziada. Kliniki hutumia kipimo cha HbA1c kujua wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na kipimo hicho husomwa kutoka kwenye chembe nyekundu za damu. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kukifanya kionyeshe namba ya juu kuliko hali halisi, ilhali kupoteza damu nyingi hivi karibuni au kuongezewa damu kunaweza kukifanya kionyeshe namba ya chini. Wenye selimundu nao huweza kupata majibu yasiyo sahihi. Kwa hiyo mwanamke mwenye hedhi nyingi amweleze mtoa huduma kabla ya majibu kutafsiriwa, na hapa tena daftari la vipimo vya nyumbani huwa shahidi mzuri.

Maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani husaidia kurejesha madini ya chuma. Ndimu au limao kwenye mboga huongeza ufyonzwaji wake, na chai inywewe mbali na mlo kwa kuwa huupunguza.

Fangasi na usafi

Sukari inapokuwa juu kwa muda mrefu, fangasi wa ukeni huongezeka kwa urahisi. Muwasho, uchafu mweupe mzito na maumivu wakati wa kukojoa ni dalili za kupeleka kituoni. Taulo ya kike ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, vitambaa vinavyorudiwa vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, na sehemu za siri zisafishwe kwa maji safi bila kuingiza sabuni zenye manukato ndani. Fangasi wanaorudi mara kwa mara ni ishara kwamba sukari haijadhibitiwa.

Hedhi isiyotabirika

Kwa wasichana waliovunja ungo karibuni, mzunguko huweza kukosa mpangilio kwa miaka ya mwanzo, na ukuaji wenyewe huongeza mahitaji ya insulini. Kwao ni vigumu kupanga dozi kwa kalenda, hivyo vipimo vya kila siku ndivyo vitoe mwongozo.

Wanawake wenye uvimbe mdogomdogo kwenye ovari unaoambatana na hedhi za kuruka, chunusi na nywele nyingi usoni, mara nyingi huwa na mwili usioitikia insulini vizuri. Hali hiyo inatibika na inapaswa kuelezwa kliniki.

Hedhi ikichelewa kwa mwanamke anayeweza kupata mimba, apime ujauzito mapema. Viungo vya mtoto hujengeka katika wiki za mwanzo, wakati sukari iliyo juu ina madhara makubwa, na baadhi ya dawa za sukari, shinikizo la damu na lehemu hulazimika kubadilishwa. Kwa anayetaka kutumia uzazi wa mpango, aeleze kwanza kwamba ana kisukari, ameishi nacho miaka mingapi, na kama macho, figo, moyo au mishipa imeathirika, kwa kuwa njia zenye estrojeni hazimfai kila mmoja.

Kwa wanaokaribia ukomo wa hedhi, joto la ghafla na jasho la usiku huweza kufanana na kushuka kwa sukari. Wasile sukari kwa kubahatisha kila wanapotokwa na jasho. Wapime kwanza inapowezekana.

Katika mwezi wa Ramadhani, mwanamke Muislamu mwenye kisukari aliyeruhusiwa na daktari kufunga huacha kufunga anapoingia kwenye hedhi. Ratiba ya chakula hurudi mchana ghafla, na dozi iliyopangwa kwa futari na daku huenda isifae tena. Mpango wa dawa wa Ramadhani uandikwe kwa sehemu mbili: siku za kufunga na siku za hedhi.

Wajibu wa familia na shule

Hedhi bado huzungumzwa kwa kunong'ona katika kaya nyingi, na kisukari kwa msichana nacho hufichwa kwa hofu ya kunyanyapaliwa. Msichana mwenye vyote viwili hubeba siri mbili. Mzazi anayemuuliza binti yake tarehe ya hedhi kwa upole kama anavyomuuliza kama amechoma insulini, humwondolea mzigo huo. Baba naye ana nafasi yake, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayetoa nauli ya kliniki na fedha ya stripu, na anapaswa kujua kwa nini mahitaji hubadilika mwezi hata mwezi.

Shuleni, mwalimu wa afya na matroni wawe na maandishi mafupi kutoka kwa mzazi yanayoeleza aina ya kisukari, dozi, dalili za sukari kushuka na kupanda, na namba ya simu ya mzazi. Mwanafunzi aruhusiwe kupima sukari, kula, kunywa maji na kwenda msalani hata wakati wa kipindi au mtihani.

Mambo ya kupeleka kliniki

Tarehe ya kliniki inapofika, mwanamke abebe daftari lake na aulize bila kusita: Je, vipimo vyangu vinaonyesha kwamba hedhi inaathiri sukari? Nibadili dozi siku zipi, kwa kiasi gani, na nirudi lini kwenye dozi ya kawaida? Ni dawa gani ya maumivu inayonifaa? Nikiumwa tumbo na kutapika, nianze na hatua gani? Je, nina upungufu wa damu?

Maswali hayo huchukua dakika chache kujibiwa, na majibu yake yaandikwe kwenye daftari hilohilo ili hata ndugu anayemuuguza aweze kuyasoma. Mzunguko ujao wa hedhi ndio mwanzo mzuri wa kuanza kuandika: siku ya kwanza ya kutokwa na damu iwe siku ya 1.

Maelezo haya ni ya elimu kwa umma na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari. Dozi ya dawa ya kisukari isibadilishwe bila maelekezo ya mtoa huduma wa afya.